Pango la shambani kwangu limeingia chini ya uwanja wa shemeji. Nimwonyeshe ramani?

Kwako Mshauri,

Natumai u mzima. Mimi ni mjane wa miaka 48, naishi bara ya Kilifi kwenye ule ukanda wa mawe ya chokaa. Nina watoto wawili. Binti ameolewa, na kijana anasomea upimaji wa ardhi chuoni. Marehemu mume wangu aliniachia shamba la minazi, mikorosho na mahindi alilopewa na babake. Zamani lilikuwa shamba moja. Mzee aliligawa kwa mdomo akiwa hai: mwinuko akampa mume wangu, bondeni akampa shemeji yangu, na katikati ikapandwa minyaa. Hatimiliki mpaka leo ina jina la mzee.

Upande wangu pana kichaka ambacho hakijawahi kulimwa. Nilipokuja kuolewa niliuliza sababu, nikaambiwa tu kwamba pana mawe. Kiangazi kilichopita mwanambuzi alipotea, tukawa tunamsikia akilia na hatumwoni. Kijana wangu alifyeka miiba akafikia tundu ambalo mtu huingia kwa kuinama. Alimtoa mbuzi, lakini tangu hapo mawazo yake yote yakawa ni kujua tundu lile laenda wapi.

Sikumzuia. Nilimwambia hataingia peke yake, basi nikawa naingia naye, na mpwa wangu hukaa mlangoni na simu. Kazi yangu ni kushika ncha ya tepu. Yeye hutangulia, akaweka nukta ya chaki juu ya jiwe, akasoma urefu, mwelekeo wa dira na mteremko, nami naandika kwa penseli, maana kalamu ya wino haishiki kwenye karatasi yenye unyevu. Halafu nami husoma dira kutoka upande wangu kumtazama yeye. Hesabu zetu zikipishana sana, tunarudia. Mwanzo nilikuwa natetemeka. Sasa, Mshauri, nakwambia ukweli: napenda kuwa mle. Tangu mume wangu afariki, mle ndimo nilimokaa na mwanangu tukazungumza jambo lisilo karo wala deni.

Pango lenyewe si kubwa. Njia ni kama mita 110 ukijumlisha na vichochoro. Unaanza kwa kuinama, kisha unatambaa, kisha unaweza kusimama. Mizizi ya mikorosho imetoboa paa na inaning'inia. Popo wapo, si wengi sana. Pembeni mwa ukuta mmoja kuna vigae vya vyungu vya zamani, hatukuvigusa. Mwishoni kuna ukumbi wa mita 9 kwa 6 wenye kidimbwi cha maji safi, na nyuma ya kidimbwi kuna ufa mwembamba unaopuliza upepo baridi.

Sasa shida. Kijana alipochora ramani kwa kipimo cha sentimita moja kwa mita mbili, akailaza juu ya mchoro wa shamba, mstari wa pango ulivuka minyaa. Ule ukumbi wenye maji uko chini ya uwanja wa shemeji. Na si popote uwanjani, bali karibu kabisa na pale alipopigilia vigingi na kufunga kamba kwa ajili ya choo kipya cha nyumba yake ya mawe. Ameshaagana na wachimbaji wa shimo la futi 25. Kwa hesabu za kijana wangu, paa la ukumbi liko mita 5 hivi chini ya ardhi. Maji yale nadhani ndiyo yanayotokea kwenye kisima cha bondeni tunachochota sote, kwa sababu mvua kubwa ikinyesha, kidimbwi na kisima vyote huwa tope.

Shemeji anajua pango lipo, ila hajui lafika wapi. Aliposikia tunaingia alikasirika sana. Alisema pale ni pa wazee, pazibwe kwa mawe na saruji, na kwamba mwanamke aliyeolewa tu hana la kusema juu ya mahali kama pale. Wakati huo huo mwanawe ameleta mtu wa kununua mawe ya kokoto, akatembezwa shamba zima hadi upande wangu. Kwenye kikao cha familia shemeji alitamka kwamba mgao wa mzee ufikiriwe upya. Naogopa nikitoa ramani ile watasema pango ni la ukoo wote, na kwa kuwa mlango uko kwangu, nami nitolewe pale. Nikinyamaza, choo kitachimbwa.

Kuna la mwisho. Mavyaa wangu yu hai, ana zaidi ya miaka 80, anaishi kwa shemeji. Jioni moja nilimpelekea uji. Alikuwa akichambua kunde kwenye ungo, hakuniinulia macho, akaniuliza, "Mmefika kwenye maji?" Nikasema ndiyo. Akaendelea na kunde zake, hakusema jingine.

Kijana anarudi chuoni karibuni na anataka apite ule ufa kabla hajaondoka. Nimruhusu? Nizibe kama shemeji anavyotaka ili amani irudi? Au nimwonyeshe ramani na liwe liwalo?

Mimi,
Mshika Tepu, Kilifi

JIBU

Dada yangu Mshika Tepu,

Pole kwa kuondokewa na mwenzio, na pole kwa kukaa na jambo hili kifuani. Barua yako nimeisoma kwa utulivu. Umeniuliza maswali matatu: kijana apite ufa au asipite, mlango uzibwe au uachwe, ramani itolewe au ifichwe. Lakini naona nyuma ya hayo lipo moja unaloliogopa zaidi, nalo ni nafasi yako katika shamba lile. Ramani inakutisha kwa sababu imeonyesha kwamba kitu ulichodhani ni chako kimepita chini ya mpaka bila kuuliza mtu.

Tuanze hapo hapo kwenye mpaka. Unaandika kana kwamba minyaa ni ukuta wa kisheria. Kwa familia ni mpaka, na ni wa kuheshimiwa kwa kuwa mzee ndiye aliyeuweka. Kwa afisi ya ardhi, hata hivyo, hakuna shamba lako na shamba la shemeji. Kuna shamba moja la mtu aliyefariki, ambalo mirathi yake haijafunguliwa. Hilo linakupunguzia kitu na linakupa kitu. Linakupunguzia uhakika uliodhani unao, lakini pia lina maana kwamba shemeji hawezi peke yake kukutoa, wala kugawa upya, wala mwanawe kuuza mawe kwa mtu wa kokoto. Uchimbaji wa kokoto unahitaji kibali chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, na leseni ya mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Katiba ya mwaka 2010, inapotaja misingi ya ardhi, inataka kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Kwa hiyo ile kauli kwamba "mwanamke aliyeolewa tu hana la kusema" inauma, lakini uzito wake mbele ya sheria si ule unaouhisi ukiwa kikaoni. Watoto wako ni wajukuu wa mzee, na haki ya baba yao haikuzikwa naye. Kama ninyi ni Waislamu, njia yenu ni kwa kadhi. Kama sivyo, ni mahakama za kawaida. Kwa vyovyote, kutafuta nakala ya rekodi ya hati na kumwona wakili au wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo hakumgombanishi mtu na mtu. Waweza kulifanya hilo hata kabla hujaamua lolote kuhusu pango.

Sasa ramani yenyewe. Kazi mliyoifanya ni ya kuheshimika, na hilo la kusoma dira mbele na nyuma ndilo watu wengi hulipuuza. Ila naomba usiichukulie kama ushahidi uliokwisha kukauka. Dira hudanganywa na chuma: sanduku la betri la tochi, kishikizo cha mshipi, hata panga lililo kiunoni. Dira ikipotoka nyuzi 2 tu upande mmoja, ukienda mita 80 utakuwa umekosea karibu mita 3 kando. Ongeza kwamba mchoro wa shamba mlioulazia ramani hauna minyaa iliyopimwa, na kama mahali pa mlango mlipapata kwa simu, basi chini ya miti simu nayo hukosea kwa mita kadhaa. Ukumbi wenu una upana wa mita 6. Choo kinaweza kuwa juu yake kabisa, au kando yake.

Kijana wako anajua dawa ya hilo kuliko mimi. Ni kupima juu ya ardhi kutoka mlangoni hadi vigingini, kurudi kwa njia nyingine hadi mlangoni, na kuona hesabu zinakosana kwa kiasi gani zinapofunga. Halafu kupima chini upya kwa vituo vile vile, chuma chote kikiwa kimeachwa nje. Ugumu ni kwamba upimaji wa juu unapita uwanjani kwa shemeji. Hauwezi kufanywa kwa siri, na sijui kama ungetaka uwe wa siri. Kijana akikanyaga pale na tepu bila kumwambia baba yake mkubwa au mdogo, ramani itakuwa imeshageuka silaha kabla haijafunguliwa.

Kuhusu maji, nakuomba pia utulie kidogo. Kidimbwi na kisima kuwa tope kwa wakati mmoja si uthibitisho kwamba ni maji mamoja. Mvua kubwa huchafua vyote viwili hata kama havijuani. Wataalamu wa maji hutia rangi isiyodhuru upande wa juu wakangoja kuona itatokea wapi, na mpaka hapo watu hukisia. Lakini kukisia kwako kuna msingi. Mawe ya chokaa hayachuji maji kama mchanga unavyochuja. Mvua hubeba hewa ukaa kutoka kwenye udongo, ikawa na ukali kidogo, ikala jiwe taratibu kwa maelfu ya miaka hadi nyufa zikawa njia. Pango lenu lilizaliwa hivyo. Kinachoingia kwenye nyufa hizo juu kinaweza kusafiri mbali kwa muda mfupi bila kusafishwa na chochote. Ndiyo maana ule umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima, ambao maafisa wa afya huutaja, haumtoshi mtu aliyejenga juu ya mawe ya aina hii.

Kisha kuna wachimbaji. Futi 25 ni zaidi ya mita 7, na paa mnalikadiria mita 5. Hata ukitoa makosa yote ya dira, mtu atakuwa mle shimoni na sururu, akipiga sakafu ambayo huenda ni nyembamba. Sitaki kukutia hofu zaidi ya uliyonayo, wala hili siwezi kulizungumza kwa sauti ya chini. Kati ya mambo yote uliyoniandikia, hili peke yake lina siku yake, na siku hiyo haitangoji mirathi wala kikao.

Umeliweka kama chaguo la mawili: kutoa ramani au kunyamaza. Je, ni lazima yawe mawili? Habari ya choo na ramani ya pango si kitu kimoja. Mtu anaweza kumwambia shemeji, "Shemeji, pale ulipopigilia vigingi chini pana uwazi, nahofia wachimbaji," na asitoe karatasi. Ni maneno machache. Hatari yake ni kwamba atauliza umejuaje, na jibu litaileta ramani mezani siku hiyo hiyo, ukiwa hujajiandaa. Mwingine angekwenda kwa afisa wa afya ya umma wa wadi, amwombe aje akague mahali pa choo kama kazi yake inavyomtaka. Njia hiyo inampa shemeji heshima ya kusikia kutoka kwa mtu asiye na ugomvi naye. Lakini akijua kwamba wewe ndiye uliyemleta, anaweza kuona umemshtaki serikalini kabla ya kumwambia kama ndugu, na kwetu hilo huchukua miaka kusahaulika. Mwingine angemtafuta mzee wa ukoo anayesikilizwa na pande zote, aende naye. Hapo unapata shahidi wa maneno yako, ila na habari zinatoka mikononi mwako, na huwezi tena kuchagua nani ajue lini.

Nami nina swali juu ya shemeji. Umemsoma kama mtu anayetaka ardhi, na huyo mwanawe na mtu wa kokoto wanakupa sababu. Lakini huyu huyu anataka mlango uzibwe kwa saruji. Mwenye tamaa ya kuuza mawe hazibi, huchimbua. Huenda baba na mwana hawataki kitu kimoja. Huenda hasira yake ya kusikia mmeingia ni hofu ya kweli, ya mtu aliyekatazwa mahali pale tangu utotoni na hajawahi kuambiwa sababu. Katika vilima vyenu mapango ni mahali pa sala na sadaka hadi leo. Panga ya Saidi, pango ambalo dunia nzima sasa inalijua, wenyeji hawajaacha kulitumia kwa ibada zao. Sisemi hana kosa kwa namna alivyokusemesha. Nauliza tu kama umewahi kumsikia akieleza pale ni pa wazee kwa maana gani, na nini kilikuwa kikifanywa.

Maana yupo anayejua. Mavyaa wako hakuuliza kama mmeingia. Aliuliza kama mmefika kwenye maji. Huyo ni mtu anayelijua pango hadi mwisho wake, pengine alichota mle miaka ya ukame, pengine alipelekwa na mavyaa wake yeye. Naye pia aliolewa pale. Sijui kwa nini hakuendelea, na nisingependa umharakishe. Ila katika barua yako yote sikuona mtu mwingine ambaye shemeji hawezi kumwambia kwamba hana la kusema. Ukikaa naye, labda bila ramani na bila ombi, ukamwachia nafasi ya kusimulia, unaweza kujua kama lile ni pango la ukoo, au ni kisima cha wanawake wa ukoo, au ni jambo lingine ambalo mimi na wewe hatujalifikiria. Hatari ipo: anakaa kwa mwanawe, na ukimtumia kama ngao, atakayelipa ni yeye. Umri wake haustahili kutiwa katikati ya ugomvi asioutaka.

Kuziba ninakuelewa unakuwazia kwa ajili ya amani. Fikiria hata hivyo kwamba kuziba mlango hakuzuii shimo la choo kuchimbwa upande wa pili. Saruji huwafungia popo ndani, na ikikaa kwenye njia ya maji inaweza kuyarudisha nyuma yatafute pengine pa kutokea. Wanaotaka watu wasiingie ovyo huweka mlango wa vyuma vya kulala, nafasi kati ya chuma na chuma ikiwa kama sentimita 15, popo wakapita na watoto wasipite. Ni kazi ya fundi wa kuchomelea, na ina gharama. Huenda hilo likawa kati yenu jambo la kwanza la kukubaliana, au shemeji akaliona kama njia yako ya kulifanya pango kuwa lako kwa kufuli.

Vigae vile, mmefanya vyema kutovigusa. Katika Panga ya Saidi watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, walikuta mita 3 hivi chini ya sakafu kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Wakamwita Mtoto. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Mifupa ilikuwa imelainika mno, ikabidi ifunikwe kwa plasta na kubebwa pamoja na udongo wake. Ningependa kijana wako aisome habari ile, kwa kuwa inaonyesha kwamba sakafu ya pango ni sehemu ya kumbukumbu, na kila mnapotambaa mnaipangua. Chagueni njia moja ya kupita na mkae juu yake.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa ndani ya siku 7, na inakataza kuchimba kutafuta vya kale bila leseni hata kama ardhi ni yako. Najua siku hizo zimekwisha kupita kwenu, na watu wengi vijijini hawajapata kuisikia sheria hiyo. Fort Jesus, Mombasa, kuna afisi ya makumbusho, na wanaozungumza nao mapema huwa na nafasi nzuri kuliko wanaofuatwa. Hofu kwamba serikali itachukua shamba kwa sababu ya vigae, wengi wanayo. Mahali pakikusudiwa kutangazwa turathi, tangazo hutolewa na wenye haki hapo hupewa muda wa kupinga. Lakini ukiita makumbusho kabla ya kuzungumza na ndugu, umefungua mlango mwingine ambao hutaufunga wewe, na hilo ulipime.

Nimalizie na kijana, maana ndiye aliyekufanya uandike. Ni mtu mzima. Sidhani bado una uwezo wa kumruhusu au kumkataza, una uwezo wa kumsikiliza na wa kusema unachokiona. Upepo ufani unaashiria kwamba pana uwazi mbele au tundu jingine la kutokea, lakini hauahidi kwamba mwili wa mtu utapita, wala kwamba utageuka kurudi. Nyuma ya kidimbwi, ukiwa chini, mvua ya mbali usiyoisikia inaweza kupandisha maji. Hewa mbaya hutulia mabondeni mwa pango kama inavyotulia kwenye visima, na habari za wachimba visima waliokufa wawili watatu kwa kufuatana, kila mmoja akishuka kumwokoa mwenzake, sote tumezisoma. Kichwa kikianza kuuma na pumzi ikawa ya haraka bila kazi, hapo hakuna la kusubiri, ni kutoka. Waendao kwenye nyufa za namna hii huenda si chini ya watatu, kila mmoja ana kofia ngumu na taa tatu, na aliye nje ana saa iliyokubaliwa ya kuita msaada. Ninyi ndani ni wawili. Akikwama yeye, wewe ndiye unayebaki na uamuzi wa kumwacha gizani ukatafute watu au kubaki naye, na hilo ningependa mlizungumze waziwazi kabla, mkiwa juani.

Popo nao muwaheshimu kwa mbali. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987, mtu mmoja kila mara, aliyekuwa ametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, alipatwa na homa ya Marburg akafa. Virusi hivyo baadaye vilikutwa kwa popo wala matunda wa pango hilo, na popo wa aina hiyo wanaishi hata kwenye mapango ya pwani. Si kwamba kila pango lina ugonjwa. Ila barakoa nzuri dhidi ya vumbi la kinyesi chao, glavu, mikono mirefu, kunawa kwa sabuni mkitoka, na kutowashika kamwe ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wenu. Vumbi lile pia hubeba kuvu inayoshambulia mapafu.

Kama kijana ana muda wa kazi moja tu kabla ya kurudi chuoni, yeye anauona ufa, mimi nauona ule upimaji wa juu, kutoka mlangoni hadi vigingini. Ufa utakuwapo likizo ijayo. Lakini mimi sipo hapo, na wewe unajua mambo ya nyumbani ambayo barua haiwezi kubeba: shemeji akikasirika hukasirika kwa siku ngapi, mzee gani anasikilizwa, na mavyaa hupenda kuzungumza saa ngapi.

Na hiyo furaha uliyoniandikia, ya kushika tepu na kuandika kwa penseli, usiione kama jambo la kuficha katika shauri hili. Utakapokuwa unazungumza na shemeji au na mwingine yeyote, waweza kusema kwamba pale ndipo ulipokaa na mwanao baada ya msiba. Huenda asielewe. Lakini ndugu yake ndiye aliyekufa, naye pia alimpoteza, na sidhani kuna aliyemuuliza yeye amekaa wapi.

Kitabu cha vipimo kiweke pakavu, na nakala ya pili ikae kwa binti yako. Niandikie mtakapokuwa mmejua siku ya wachimbaji.

Mshauri